Jina Si Hukumu



Mwaka jana, wakati wa Kwaresima, kikundi kimoja cha vijana cha upande wetu huu wa Kasomeno kiliamua kutengeneza kitambaa cha kubeba katika maandamano ya Jumapili ya Matawi. Kazi ya kuandika jina la kikundi alipewa binti mmoja wa miaka kumi na mitano, ambaye wote tunajua kwamba mkono wake una kipaji cha kuchora. Binti hakutaka kuandika kwa herufi za kawaida. Alichukua cheti cha ndoa ya kanisa cha babu yake, akaziiga herufi za kichwa chake: herufi nyeusi, nene, zenye pembe kali na mikia myembamba. Kazi ilikuwa nzuri. Tuliiona kwa macho yetu.

Kijana mwingine wa kikundi hicho, kwa kupenda kujua, aliuliza katika telefoni yake herufi za namna ile huitwaje. Akajibiwa kwamba ni herufi za gothiki. Akauliza tena: gothiki ni nini? Safari hii zikamjia picha: vijana wa nchi za mbali wenye nyuso zilizopakwa weupe na midomo iliyopakwa weusi, makaburi, popo, misalaba iliyopinduliwa. Kufikia jioni picha hizo zilikuwa zimezunguka katika telefoni za wenzake wote. Mmoja akakumbuka kwamba binti yule huvaa nguo nyeusi siku zote. Ndivyo ilivyokuwa. Mama yake alikuwa amefariki, na muda wa matanga ulikuwa haujakwisha. Lakini habari ya matanga haikuwamo katika telefoni.

Kitambaa kilikunjwa. Binti akaombwa apumzike kuimba katika kwaya. Mtaani, neno lile likavua vazi lake la kigeni na kuvaa la kwetu: kutoka «gothiki» likawa «mchawi». Mama mdogo aliyekuwa akimlea akaanza kujiuliza dada yake alikufa kwa sababu gani hasa. Katika juma la tatu binti akapelekwa kwenye nyumba moja ya maombi, akafungishwa siku tatu bila chakula, ili akiri.

Sisi, ambao wajibu wetu ulikuwa kusema, tulinyamaza Jumapili mbili nzima. Tulidhani ni maneno ya watoto na kwamba yatapita. Kosa hilo ni letu, na tunalitaja mwanzoni ili msidhani kwamba tunawanyooshea ninyi kidole huku mikono yetu ikiwa safi.

Tulipowaita viongozi wa kikundi na kuwauliza wana ushahidi gani, walitujibu kwa heshima: «Mwalimu, si sisi tuliosema, ni telefoni yenyewe.» Na mzee mmoja aliyekuwa ameketi nasi akaongeza methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Dhidi ya jibu hilo na dhidi ya methali hiyo tunaandika makala haya. Tunadai kwamba jina si hukumu. Kwamba anayemhukumu mtu kwa neno asilolijua maana hatetei imani, bali anavunja amri ya nane. Na kwamba neno «gothiki» lenyewe, likichunguzwa, ndilo shahidi mkuu dhidi ya wale walioliokota kama jiwe la kumpigia mtoto.

Na tuanze na wenye jina. Wagothi walikuwa watu, kama Wabemba, Walamba na Waluba walivyo watu. Walikuwa kabila la asili ya Kijerumani, walioishi ng'ambo ya mipaka ya dola la Roma. Mwezi Agosti mwaka 410, wakiongozwa na mfalme wao Alariki, waliingia mji wa Roma na kuupora muda wa siku tatu. Ulimwengu wote ulitetemeka. Wapagani wakasema kwamba Roma imeanguka kwa sababu imeiacha miungu yake na kumfuata Kristo. Na nani aliwajibu? Mwafrika: Mtakatifu Agostino, askofu wa Hipo, katika nchi iitwayo leo Aljeria. Kitabu chake, Mji wa Mungu, chenye sehemu ishirini na mbili, kilizaliwa na mabishano hayo. Alikianza yapata mwaka 413, akakimaliza miaka kumi na zaidi baadaye.

Sikilizeni sasa alichokiona Agostino, ambacho wengi hawakutaka kukiona. Hakuficha mauaji wala uporaji. Lakini aliwakumbusha watu wa Roma kwamba wale wageni waliokuwa wakiitwa wakali waliwaacha salama wote waliokimbilia katika mabasilika ya Mitume, hata wapagani waliojipenyeza humo na kujifanya Wakristo. Paulo Orosio, aliyeandika muda mfupi baadaye, anataja kwamba agizo lilihusu hasa basilika za Watakatifu Petro na Paulo. Vijana wa Jimbo Kuu la Lubumbashi, ambao kanisa kuu lenu limewekwa chini ya ulinzi wa Mitume haohao wawili, mnapaswa kulijua jambo hili. Wagothi walikuwa na hatia yao, nao walikuwa na huruma yao. Agostino alivipima vyote viwili. Hakusema: ni Wagothi, basi inatosha.

Tena Wagothi walikuwa wamekwisha kulisikia Neno la Mungu kabla ya siku ile. Katika karne ya nne, askofu Wulfila, ambaye mababu zake walikuwa mateka Wakristo waliochukuliwa na Wagothi kutoka Kapadokia, aliwabunia herufi na kuifasiri Biblia katika lugha yao. Inasimuliwa kwamba aliviacha Vitabu vya Wafalme bila kuvifasiri, kwa kuwa watu wake walipenda vita mno na hawakuhitaji kuchochewa zaidi. Nakala moja ya Injili katika lugha hiyo ingalipo hadi leo katika mji wa Uppsala, nchini Uswidi. Imeandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi ya rangi ya zambarau. Ni kweli kwamba Wulfila alifuata mafundisho ya Ario, ambayo Kanisa limeyakataa, na sisi makatekista hatuna ruhusa ya kulificha hilo. Lakini Wagothi wa Hispania, pamoja na mfalme wao Rekaredo, waliingia katika imani katoliki kwenye Mtaguso wa Tatu wa Toledo, mwaka 589. Kwa hiyo maana ya kwanza kabisa ya neno hili ni taifa lililopigana, likapora, likahurumia, likafundishwa, likapotea, likaongoka. Je, kuna taifa gani duniani ambalo habari yake si hiyo?

Maana ya pili ni ya majengo, na hapo ndipo uonevu wa jina unapoonekana waziwazi. Mwaka 1144, karibu na Paris, abati Suger alifanya sherehe ya kuweka wakfu sehemu mpya ya altare ya kanisa la abasia ya Mtakatifu Dionisi. Mafundi wake walikuwa wameunganisha mambo matatu: matao yaliyochongoka juu, mbavu za mawe zinazobeba dari, na kuta zilizopunguziwa mzigo hata zikaweza kufunguliwa madirisha makubwa ya vioo vya rangi. Baadaye mafundi waliongeza mikono ya mawe iliyoegemezwa ukutani kwa nje, nao uzito wa dari ukapita humo hadi ardhini. Ukuta uliokuwa boma sasa ukawa mlango wa mwanga. Kwa namna hiyo yakajengwa Notre-Dame ya Paris kuanzia mwaka 1163, Chartres baada ya moto wa mwaka 1194, na Cologne, lililoanzwa mwaka 1248 na kukamilishwa mwaka 1880.

Waliojenga makanisa hayo hawakuyaita ya gothiki hata siku moja. Yaliitwa kazi ya Wafaransa. Wagothi hawakuweka humo jiwe hata moja, maana ufalme wao wa mwisho, ule wa Hispania, ulikuwa umeanguka mwaka 711, miaka zaidi ya mia nne kabla ya sherehe ya Suger. Basi jina lilitoka wapi? Lilitoka katika dharau. Wasomi wa Italia, waliopenda nguzo na matao ya Roma ya kale, waliyaona majengo yale kuwa ya ovyo, wakawasingizia Wagothi. Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa maisha ya wasanii, alilieneza shutuma hilo katika kitabu chake cha mwaka 1550. Maana yake ilikuwa fupi: hii ni kazi ya washenzi.

Tuseme wazi jambo lililotendeka. Watu walichukua kazi wasiyoipenda, wakaibandika jina la watu wasiowapenda, na kwa neno moja wakawatukana wote wawili. Karne tatu zikapita watu wakirudia tusi hilo. Kisha wajukuu wa waliotukana wakaanza kuyatazama majengo yenyewe, si jina lake. Mwaka 1831 Victor Hugo alitoa riwaya yake juu ya Notre-Dame ya Paris, ikawaamsha Wafaransa kulitengeneza kanisa lililokuwa likiachwa kuharibika. Na tarehe 15 Aprili 2019, kanisa hilo lilipoungua, ulimwengu ulilia. Lilipofunguliwa tena mwezi Desemba 2024, ulimwengu ulishangilia. Tusi limekuwa sifa. Mawe hayakubadilika. Kilichobadilika ni macho ya watazamaji.

Maana ya tatu ndiyo ile ya kitambaa chetu. Herufi zile nene zenye pembe ndizo walizotumia wanakili wa Ulaya kuandikia vitabu vya Misa na Biblia. Gutenberg alipopiga chapa Biblia yake ya Kilatini, yapata mwaka 1455, alizitumia hizohizo. Wasomi wale wale wa Italia ndio waliozipa jina la gothiki, kwa dharau ile ile. Kwa muda mrefu zilidumu Ujerumani, na watawala Wanazi mwanzoni walizisifu kuwa za Kijerumani halisi. Kisha, mwezi Januari 1941, wao wenyewe wakazipiga marufuku kwa agizo lililodai kwamba ni herufi za Kiyahudi. Herufi moja, serikali moja, hukumu mbili zinazopingana. Na hukumu zote mbili zilikuwa za uongo. Leo herufi hizo ziko juu ya vyeti vingi. Diploma yetu ya ualimu, inayoning'inia ukutani nyumbani, kichwa chake kimeandikwa kwa herufi hizo. Mbona hakuna aliyekuja kutufungisha siku tatu?

Maana ya nne ni ya hadithi. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa hadithi ya ngome ya kale, mizuka na laana ya ukoo. Katika toleo la pili, la mwaka uliofuata, aliiita hadithi ya kigothiki, kwa kuwa mambo yake yalitokea katika zama za majengo yale. Tangu hapo neno likachukua harufu ya usiku na hofu. Maana ya tano imetoka humo: mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Uingereza, vikundi vya muziki wa huzuni na giza vikapewa jina hilo. Kimojawapo, Bauhaus, kilitoa mwaka 1979 wimbo uliomtaja mwigizaji wa zamani wa filamu ya Dracula. Mashabiki wao wakavaa nguo nyeusi na kupaka nyuso zao. Hizo ndizo picha zilizotokea katika telefoni ya kijana wetu.

Tazameni basi mnyororo huu. Kabila likawa tusi. Tusi likabandikwa jengo na herufi. Jengo likakopesha jina lake kwa hadithi. Hadithi ikaukopesha muziki. Muziki ukalikopesha vazi. Kila hatua ina sababu yake. Lakini anayeruka kutoka herufi ya kwanza hadi vazi la mwisho, akasema ni kitu kimoja kwa kuwa jina ni moja, anafanya kosa ambalo katika chuo cha ualimu tulifundishwa kulisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwa Kiswahili, «kaa» ni mnyama wa majini, tena ni kipande cha makaa, tena ni kuketi. Hakuna mpishi anayeweka makaa chunguni akidhani anapika samaki wa gamba. Ikiwa tunajihadhari hivyo kwa ajili ya chungu, tungejihadhari zaidi kwa ajili ya binti.

Tunajua mtakalosema. Mtasema: Mwalimu, lakini baadhi ya nyimbo hizo zinamdhihaki Kristo. Tunakubali. Zipo. Nasi hatuwashauri mjaze masikio yenu dhihaka. Lakini basi sikilizeni wimbo wenyewe, someni maneno yake, mseme: maneno haya ni mabaya kwa sababu hii. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime kila kitu na kushika kilicho chema. Hakuwaagiza wapime kichwa cha habari. Tena, picha mlizoziogopa mlizisoma vibaya. Msalaba uliopinduliwa, katika mapokeo ya Kanisa, ni msalaba wa Mtakatifu Petro, ambaye inasimuliwa aliomba asulubiwe kichwa chini, akijiona hastahili kufa kama Bwana wake. Na vazi jeusi? Shirika lililokabidhiwa utume wa Katanga mwaka 1910, chini ya Jean-Félix de Hemptinne, lilikuwa la Wabenedikto, na vazi la asili la Wabenedikto ni jeusi. Ikiwa weusi wa nguo ndio ushahidi, basi tuwafungulie mashtaka kwanza wamonaki waliotuletea ubatizo.

Wengine kati yenu mmeanguka upande wa pili wa shimo lilelile. Tumesikia katika kamati za ujenzi wakisema kwamba kanisa bila madirisha yaliyochongoka si kanisa, na kwamba ni afadhali jumuiya ichangishe miaka kumi ipate mnara wa kigothiki kuliko kusali chini ya paa la kawaida. Hao nao wanaabudu jina. Wabelgiji waliokuja kwetu walitoka katika nchi iliyokuwa imeufufua mtindo huo: Jean-Baptiste Bethune ndiye aliyechora abasia ya Maredsous, iliyoanzishwa mwaka 1872, na kutokana na juhudi zake zilizaliwa shule za Mtakatifu Luka za mji wa Gent. Hilo ni jema lao. Lakini angalieni mbegu hiyo ilivyoota hapa. Mwaka 1943 Bruda Marc Wallenda alianzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi, na shule hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Akademia ya Sanaa ya Kinshasa, inakojifunza vijana wa Kongo kuchonga na kuchora mambo yao wenyewe. Na kule Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, askofu wa Kianglikana Edward Steere alijenga kanisa kwa mawe ya matumbawe, akichanganya matao ya kigothiki na mtindo wa Kiarabu. Ndani yake umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, pale ulipozikwa moyo wa Livingstone, katika nchi ya jirani zetu wa Zambia. Waliojenga hivyo walichukua kilichowafaa, wakajenga kwa mawe yaliyokuwapo. Tao lililochongoka haliokoi mtu, wala halimpotezi mtu.

Sasa tuje nyumbani kabisa, kwa sababu neno «gothiki» lina ndugu yake aliyezaliwa katika lugha yetu. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi. Neno hilo lilisafiri na misafara ya pembe na watumwa hadi ndani ya Kongo. Wakoloni waliliokota, wakasema «basenji», wakimaanisha mababu zetu wa vijijini. Kisha, mwaka 1948, serikali ya kikoloni ilipoanza kutoa kadi ya sifa ya uraia kwa Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, baadhi yao nao wakawaita ndugu zao basenji. Leo, ukimwuliza mzungu asiyejua historia hiyo, atakuambia kwamba basenji ni mbwa: mbwa mdogo wa Kongo asiyebweka, aliyepelekwa Uingereza miaka ya 1930 na kufugwa huko kwa jina hilo. Tusi walilopewa babu zetu ni jina la mbwa. Je, kuna kijana wa Kasomeno atakayekubali kwamba, kwa kuwa babu yake aliitwa mshenzi, basi alikuwa mshenzi? Lisemwalo lipo?

La. Methali ile ni nzuri kwa mzee anayetahadharisha juu ya mvua. Mahakamani ni sumu. Lisemwalo mara nyingi halipo. Lipo tu kwa kuwa limesemwa. Mchawi wa mtaani kwetu hakuwapo mpaka midomo yetu ilipomtengeneza.

Wapo pia watakaotuambia kwamba ni afadhali kuonya mapema, hata kama tutakosea, kuliko kuchelewa. Tunawauliza: kosa hilo hulipwa na nani? Aliyeonya hakukosa mlo hata mmoja. Aliyefunga siku tatu ni yatima wa miaka kumi na mitano. Onyo ambalo gharama yake yote hulipwa na mdogo haliwezi kuitwa busara. Ni woga uliovaa kanzu. Na taifa letu limelisema jambo hili kwa maandishi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kuwashutumu watoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayemshutumu mtoto kwa uchawi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Ni aibu kwa Mkristo kukumbushwa na hakimu jambo ambalo angelisikia katika Injili.

Maana Injili imelisema. Natanaeli aliposikia jina la Nazareti, alitilia shaka kama jema lolote lingeweza kutoka huko. Hakuwa mtu mbaya. Bwana mwenyewe alimsifu kwa kutokuwa na hila. Alikuwa tu ameridhika na jina. Filipo hakubishana naye juu ya sifa za Nazareti. Alimwita aje ajionee. Huo ndio utaratibu wa Kanisa mbele ya kila jina la kutisha: kwenda, kuona, kuuliza. Sisi wenyewe jina letu tulipewa na wengine, huko Antiokia, na hakuna ajuaye kama walilitamka kwa heshima au kwa kejeli. Na msalaba tunaouvaa shingoni ulikuwa, kwa watu wa Roma, mti wa aibu. Dini iliyookolewa kwa mti uliolaaniwa haina haki ya kumlaani mtoto kwa umbo la herufi.

Basi tunawataka mfanye nini? Mambo matatu, tena si magumu.

Kwanza, neno geni likiwafikia, ulizeni maswali manne kabla ya kulipitisha kwa mwingine: Nani alilitoa jina hili? Alilitoa kwa upendo au kwa dharau? Hapa linataja kitu gani hasa, kati ya vingi? Na huyu mtu ninayetaka kumbandika, nimemwuliza yeye mwenyewe? Swali la nne ndilo kubwa. Siku zote zile za uvumi, hakuna hata mmoja, pamoja na sisi, aliyemwuliza binti kwa nini anavaa nguo nyeusi. Tulipomwuliza hatimaye, alitujibu kwa sauti ndogo: «Baba, ni za Mama.» Jibu hilo lilikuwa linatungoja tangu siku ya kwanza.

Pili, telefoni isiwe shahidi peke yake. Hueleza maana zote za neno kwa pamoja, zilizo za kweli na zilizo za mbali. Kazi ya kutenganisha ni ya akili mliyopewa na Mungu, na ya mwalimu, padre au mzazi mnayeweza kumwendea. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kusambaza.

Tatu, lililosemwa hadharani lirudishwe hadharani. Wengi huomba msamaha pembeni baada ya kutukana sokoni. Katekisimu inafundisha kwamba aliyeharibu jina la mwenzake anapaswa kulitengeneza, kama aliyeiba anavyopaswa kurudisha. Tunaanza sisi: tulinyamaza Jumapili mbili, nasi tumekwisha kusimama mbele ya jumuiya na kukiri hivyo. Tunawasubiri wengine.

Binti yule amerudi shuleni. Mama yake mdogo amezungumza na padre mara kadhaa, na sasa wanakula meza moja. Katika kwaya hajarudi, nasi hatumlaumu. Kitambaa kingali kimekunjwa katika sakristia. Jumapili ya Matawi itafika tena. Tunapendekeza kitambaa hicho kikunjuliwe siku hiyo, na wakibebe wale waliozungusha picha, wakitembea mbele ya maandamano, ili waumini wote wazisome zile herufi na kuona zinasema nini. Hazisemi lolote jingine ila jina la kikundi chenu, na chini yake jina la Mtakatifu mliyemchagua kuwa msimamizi.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Je, katika mtaa wenu kuna mtu anayeitwa kwa jina ambalo hakulichagua? Ni nani aliyeanza kumwita hivyo, na kwa nini?

2. Tafuteni neno moja la Kiswahili au la lugha ya nyumbani ambalo zamani lilikuwa tusi na leo si tusi, au kinyume chake. Ni nini kilichobadilika: kitu chenyewe, au wanaokitazama?

3. Ikiwa kikundi chenu kimewahi kumtenga mtu kwa ajili ya uvumi, ni nani atakayekwenda kwake juma hili, na atamwambia nini?